Wanorthumbria walikuwa upande wa mto

Agosti 2025 bendera nyeupe zenye msalaba mwekundu zilijaa kwenye nguzo za taa katika miji mingi ya Uingereza. Waliozitundika walisema ni mapenzi ya nchi. Wahamiaji wengi waliopita chini yake walisikia ujumbe mwingine. Katikati ya mabishano hayo ikafufuliwa takwimu ya kisayansi ambayo watu waliishika kama rungu: asilimia 76. Ilitoka kwenye utafiti wa vinasaba vya kale uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Nature, na inapozunguka kwenye simu huwa imekatwa ikabaki hivi: Waingereza halisi walivuka bahari kutoka Ujerumani na Denmark, wakaitwaa nchi, na damu yao ndiyo hati ya umiliki. Kule kaskazini, palipokuwa na ufalme wa Northumbria, hoja hiyo huvaa joho la kienyeji: sisi ni wana wa mfalme Oswald na Mtakatifu Cuthbert, wengine wote ni wageni. Takwimu hiyo siigombi. Ninachogomba ni somo linalovutwa kutoka humo, maana ukiwafuata Wanorthumbria wenyewe kupitia maandishi yao, makaburi yao na vita vyao, unakuta watu waliofanywa kuwa watu na mpaka, utii na kitabu kimoja. Damu waliijua, waliithamini, na kila ilipowafaa waliiruka. Wapo pia wanaoijibu hoja ya damu kwa kusema kwamba watu hao hawakuwahi kuwepo, na hao nao nadhani wamepotea, ila kwa njia nyingine.

Tuanze na utafiti wenyewe, kwa kuwa wengi wanaounukuu wameishia kwenye kichwa cha habari. Walipimwa watu 460 wa zama za kati kutoka kaskazini-magharibi mwa Ulaya, 278 kati yao wakiwa wamezikwa Uingereza. Kwa wale wa mashariki na kusini mwa nchi, hadi asilimia 76 ya asili yao ilitoka ng'ambo ya Bahari ya Kaskazini. Hilo ni pigo kwa wanazuoni waliofundisha kwa miongo kadhaa kwamba walivuka wapiganaji wachache tu, kisha wenyeji wakaiga lugha na mavazi ya mabwana wapya. Walivuka wengi, wakiwemo wanawake, na hapo watu wa damu wana haki ya kutabasamu. Tabasamu lao linapaswa kupungua wakiendelea kusoma. Katika makaburi hayohayo wenye asili ya wenyeji na wenye asili ya ng'ambo wamelala pamoja, wameoana, wamezaa. Ukija kwa Waingereza wa leo, mchango wa wale wavukaji ni kati ya asilimia 25 na 47 tu. Sehemu iliyobaki ni ya wenyeji wa kale na ya wimbi jingine la watu waliofanana na wakazi wa kale wa Ufaransa. Kwa hesabu ya damu yenyewe, basi, Mwingereza wa kawaida ni Muangli, yaani mtu wa wale wavukaji, kwa sehemu isiyofika nusu. Na kinasaba hakina mdomo: hakiwezi kutuambia mwenyewe alijiita nani, alimlipa nani kodi, aliapa kwa mungu gani. (Kiswahili chetu hakitusaidii sana hapa. Neno Uingereza tunalitumia kwa England na kwa dola nzima yenye Uskoti na Wales ndani yake, na ndani ya neno Mwingereza, lililotufikia kupitia Wareno, Waangli bado wamejificha. Katika makala hii Uingereza ni ile England tu.)

Jina Northumbria maana yake ni watu wa kaskazini ya mto Humber. Halina babu ndani yake, wala ukoo. Lina mto na upande wa kusimama. Chini ya jina hilo palikuwa na falme mbili, Deira kutoka Humber hadi mto Tees na Bernicia kutoka Tees hadi ghuba ya Forth, pale ilipo Edinburgh leo, na majina yote mawili yanaelekea kutoka katika lugha ya Wabritoni waliokuwepo kabla. Falme hizo ziliunganishwa kwa nguvu mwanzoni mwa karne ya 7 na zikaendelea kung'atana kwa muda mrefu. Mwaka 651 mfalme Oswiu wa Bernicia aliamuru Oswine wa Deira auawe, ingawa wote wawili walikuwa Waangli na wote wawili Wakristo. Mke wa Oswiu, aliyekuwa ndugu wa marehemu, akadai ardhi ijengwe monasteri pale Gilling damu ilipomwagika, ili sala zisomwe kwa ajili ya muuaji na muuawa pamoja. Ndani ya nyumba moja ya kifalme kulikuwa na mfiwa na mhusika wa kifo, na ufalme uliendelea.

Kuna kisa kimoja ambacho peke yake kingetosha kuitikisa hoja ya damu, nami nashangaa hakitajwi. Oswald aliuawa vitani mwaka 642 na Penda, mfalme wa Mercia, ufalme jirani wa kusini, ambaye naye alikuwa Muangli. Miaka kadhaa baadaye mpwa wa Oswald, Osthryth, aliyekuwa ameolewa huko Mercia, aliichukua mifupa ya mjomba huyo akaipeleka kwenye monasteri ya Bardney katika nchi ya Lindsey, kusini tu ya Humber. Gari lilifika jioni. Watawa wakakataa kufungua. Walijua vizuri kwamba Oswald ni mtakatifu, lakini alikuwa mtu wa nchi nyingine aliyewahi kuwatawala, na chuki ya zamani ilimfuata hadi kaburini. Mifupa ikalala nje usiku kucha, juu ya gari, imefunikwa hema. Asubuhi ndipo ikapokelewa, baada ya nguzo ya nuru kuonekana juu yake hadi mbinguni, kwa jinsi Bede, mtawa wa Northumbria aliyeandika historia ya watu hao, anavyosimulia. Mwamini nuru au usiiamini, langoni pale palikuwa na Waangli waliozungumza lugha moja na marehemu, wakasali sala zilezile, na kwao alikuwa mgeni.

Huyohuyo Oswald alikulia uhamishoni miongoni mwa Waayalandi wa magharibi mwa Uskoti. Alipopata ufalme mwaka 634 alitaka mwalimu wa dini kutoka kisiwa cha Iona, na mwaka 635 akaja Aidan, ambaye Kiingereza chake kilikuwa cha kubabaisha. Basi askofu akihubiri kwa lugha yake, mfalme anasimama kando yake kuwatafsiria wakuu wa jeshi lake. Mfalme wa Northumbria alikuwa mkalimani. Ndugu yake Oswiu alioa binti wa Wabritoni wa Rheged, akazaa na binti wa kifalme wa Ayalandi mtoto aitwaye Aldfrith, msomi aliyekuja kutawala kuanzia mwaka 685 na ambaye Waayalandi walimpa jina la kwao. Cædmon, mchungaji wa ng'ombe wa Whitby ambaye utenzi wake mfupi ni miongoni mwa mashairi ya kale kabisa ya Kiingereza yaliyosalia, ana jina la Kibritoni. Huko Bamburgh, chini ya ngome ya wafalme, wanaakiolojia walifukua mifupa ya watu takriban mia moja wa zama hizo. Meno yao, ambayo hutunza kemia ya maji ya utotoni, yalionyesha kwamba wengi hawakukulia hapo: wengine walitoka Ayalandi na visiwa vya magharibi ya Uskoti, wengine Skandinavia, na wachache nchi za joto za upande wa Mediterania. Walizikwa pamoja.

Haki inataka upande wa pili usikilizwe bila kupunjwa, maana si wote wanaosema habari ya damu ni wahuni wa mitandaoni. Hoja yao nzito ni kwamba haikuwa ndoa na ukalimani tu. Mfalme Æthelfrith, kabla ya Oswald, aliteka ardhi ya Wabritoni kuliko mtawala yeyote wa Waangli aliyemtangulia, akiwatoza kodi baadhi na wengine kuwafyeka. Karibu na Chester, mnamo mwaka 616, askari wake waliwaua watawa wa Bangor waliokuja kuombea jeshi la Wabritoni; Bede anataja idadi ya 1,200, na anaieleza kwa ubaridi unaomtia msomaji wa leo kichefuchefu. Lugha ya Wabritoni ilipotea mashariki yote, ikiacha majina ya mito na maneno machache mno. Lugha haifi hivyo kwa mapenzi. Nakubali yote hayo. Lakini ukatili wa kuundwa kwa ufalme hauthibitishi kwamba ufalme uliundwa na damu moja. Cadwallon, Mbritoni na Mkristo, alishirikiana na Penda mpagani, Muangli, wakamuua Edwin wa Northumbria mwaka 633. Waliojipanga upande mmoja wa vita vile hawakuwa na damu moja wala dini moja. Walikuwa na adui mmoja.

Hoja yao nyepesi ndiyo inayosikika zaidi: kwamba Bede mwenyewe ameandika kuwa Waingereza walitokana na makabila matatu, Waangli, Wasaksoni na Wajuti. Ameandika, katika kitabu cha kwanza cha historia yake aliyoikamilisha mwaka 731. Anayeishia hapo hajafika kitabu cha tano, ambako Bede huyohuyo, akieleza mataifa ya Ujerumani ambako Waangli na Wasaksoni wa Britania walikuwa na asili yao, anataja Wafrisia, Warugi, Wadani, Wahuni, Wasaksoni wa kale na Waboruktwari. Wahuni, wale wa Attila! Hata tukisema orodha hiyo ina chumvi, mwandishi wake hakuwa akilinda mlango wa ukoo. Mwanzoni kabisa mwa kitabu chake anasema Britania ina lugha tano, Kiingereza, Kibritoni, Kiayalandi, Kipikti na Kilatini, na anazilinganisha na vitabu vitano vya Torati. Wingi wa lugha kwake haukuwa aibu ya kufichwa.

Nilipita Jarrow, alikoishi Bede, siku moja, mvua ya kaskazini ikinyesha bila haraka, na nilichokiendea kilikuwa jiwe. Liko ndani ya kanisa la Mtakatifu Paulo, juu ya tao la kuingilia upande wa madhabahu, na maneno yake ya Kilatini yanataja siku kanisa lilipowekwa wakfu: 23 Aprili 685, mwaka wa 15 wa mfalme Ecgfrith. Kwa sadfa tupu, 23 Aprili ndiyo leo sikukuu ya Mtakatifu George, mwenye ule msalaba mwekundu wa kwenye nguzo za taa. Hata mwezi haukuisha baada ya ibada ile: tarehe 20 Mei Ecgfrith aliuawa katika nchi ya Wapikti, huko Uskoti ya leo, aliyokwenda kuivamia, na ubabe wa Northumbria upande wa kaskazini ukaanza kurudi nyuma. Pembeni ya madhabahu kuna kidirisha kidogo chenye vipande vya vioo vya rangi vya karne ya 7. Mwanzilishi wa monasteri, Benedict Biscop, ilibidi aagize waashi na mafundi vioo kutoka Gaul, Ufaransa ya leo, kwa sababu nyumbani hakukuwa na aliyejua kazi hiyo. Biscop ndiye pia aliyesafiri na Theodore wa Tarso, mji ulio Uturuki ya sasa, alipokuja mwaka 669 kuwa askofu mkuu wa Canterbury. Nyuma yao akaja Hadrian, abati ambaye Bede anamwita kwa asili Mwafrika. Theodore ndiye aliyemweka wakfu Cuthbert kuwa askofu, huko York, mwaka huohuo 685. Mtakatifu anayependwa kuliko wote kaskazini, anayetumiwa leo kama alama ya wenyeji, aliwekewa mikono kichwani na mtu wa Tarso.

Bede aliingia monasteri akiwa na miaka 7, na inavyojulikana hakusafiri mbali kupita Lindisfarne, kisiwa cha watawa, na York. Akiwa pale alizikusanya habari za falme zilizokuwa zikichinjana, Kent, Mercia, Wessex na yake mwenyewe, akazipa jina moja, watu wa Waingereza, na hadithi moja. Hakukuwa na dola ya Uingereza wakati huo, na haikuwepo kwa karibu miaka 200 baadaye. Gundi aliyoitumia ilikuwa Kanisa: watu walioupokea wokovu pamoja. Ukitaka kusema Uingereza ilizaliwa wapi, kuna hoja nzuri ya kusema ilizaliwa kwenye meza ya mtawa wa Northumbria, kwa wino. Hilo ndilo linalonifanya niwaone wapeperusha bendera wa kaskazini kama watu wanaotafuta kwenye mifupa kitu ambacho mababu zao walikiacha kwenye ngozi ya ndama.

Sasa wale wengine. Miaka ya karibuni wasomi wengi wameanza kulikwepa neno Anglo-Saksoni kwa kuwa wabaguzi wamelichafua, hadi jarida kongwe la fani hiyo likabadilisha jina lake mwaka 2024. Sina ugomvi na hilo. Wenye fani wana haki ya kuosha vyombo vyao. Tatizo ni pale wanaharakati wanaporuka hatua moja zaidi na kudai kwamba kwa kuwa kila mtu alichanganyika, hapakuwa na watu, ni ngano ya karne ya 19 tu. Hii naiona ndiyo hoja dhaifu kuliko zote mezani, kwa sababu inakubaliana kimyakimya na ya kwanza: nayo inaamini kwamba bila damu moja hakuna watu. Historia ya baadaye ya Northumbria inawakana wote. Msomi Alcuin wa York, akiwa katika baraza la Charlemagne, mfalme wa Wafranki, alimwandikia mfalme wa Northumbria baada ya Waviking kuishambulia Lindisfarne mwaka 793, na katikati ya maombolezo akamkaripia kuhusu nywele: ninyi mmekuwa mkikata ndevu na nywele zenu kwa mtindo wa hao wapagani wanaowatisha. Kwa maneno mengine, mtindo wa kinyozi ulishavuka bahari. Wadenmark waliiteka York mwaka 866, na mwaka 876, kwa kauli fupi ya kumbukumbu za wakati huo, waligawana ardhi wakaanza kulima. Hata Whitby, ilipofanyika sinodi maarufu ya mwaka 664, inajulikana leo kwa jina la Kidenmark. Lile la kale limebaki vitabuni.

Mtu angetegemea kwamba wafalme wa kusini walipokuja kuikomboa York, Wanorthumbria wa asili ya Kiangli wangewakimbilia ndugu zao. Haikuwa hivyo. Askofu mkuu wa York, Wulfstan, alimwapia utii Eadred mfalme wa Wessex mwaka 947 pamoja na wakuu wote wa Northumbria, na muda si muda wakakivunja kiapo na kumpokea mfalme wa Kiskandinavia. Mwaka 948 Eadred, mfalme Mkristo wa Waingereza, akaja na moto. Katika ghasia hizo liliungua kanisa kuu la Ripon, alilolijenga Mtakatifu Wilfrid. Ufalme wa York ulikwisha mwaka 954, lakini hisia haikuisha. Mwaka 1065 wakuu wa Northumbria walimwasi Tostig, mtawala waliyeletewa kutoka kusini, wakawaua watu wake mjini York, na wakamchagua Morcar, kijana wa ukoo wa Mercia. Walipoulizwa wanataka nini, wakataka sheria za Cnut zirudishwe, mfalme wa Kidenmark. Mtawala si wa kwao, sheria ya Mdenmark, na bado wakisema kwa sauti moja kama Wanorthumbria dhidi ya kusini. Kama hao si watu, sijui neno hilo tunalihifadhi kwa nani.

Ndipo swali la urithi linapokuwa gumu kuliko bendera zinavyokiri. Ardhi ya kaskazini ya mto Tweed ilimezwa na wafalme wa Uskoti, na vita vya Carham mnamo 1018 vinahesabiwa kuwa vilithibitisha hilo. Wasemaji wa Kinorthumbria wa upande ule hawakuhama. Lahaja yao ndiyo ikawa lugha ya Kiskoti. Mama wa Newcastle na mama wa Edinburgh wote wanamwita mtoto bairn, na mwana wa London hamuiti hivyo. William wa Normandia aliiangamiza kaskazini majira ya baridi ya 1069 hadi 1070, na kwenye daftari lake la kodi la mwaka 1086 sehemu kubwa ya Yorkshire imeandikwa kuwa ukiwa, ilhali Northumberland na Durham hazikuandikwa kabisa. Leo jina la Northumbria limebaki kwa polisi na chuo kikuu katika kona moja ya ufalme ule. Mameya waliochaguliwa Mei 2024 wameugawa mfupa uliobaki: mmoja anashika kaskazini-mashariki, mwingine York na Yorkshire ya kaskazini, na Edinburgh iko nchi nyingine. Anayetaka kudai kitu kwa jina la Northumbria, iwe ni kitabu cha Injili cha Lindisfarne kilichoko London au bajeti ya reli, itabidi adai kwa niaba ya wanaoishi hapo. Ukoo wa kuudai haupo, na haukuwahi kuwepo.

Kuhusu wanaoishi hapo, Agosti 2024 umati wenye ghasia uliujia msikiti katika mji wa Sunderland, mji wenye kanisa la Wearmouth alikoanzia Biscop. Mlangoni mwa mto Tyne, South Shields, mabaharia Wayemeni waliokuja na meli kupitia Aden walianza kuweka makao tangu miaka ya 1890, na wajukuu na vitukuu vyao wanaongea lahaja ya pale kama kila mtu wa pale. Bede anasimulia kwamba Edwin, aliyewatawala Waangli na Wabritoni pamoja, aliamuru vikombe vya shaba vitundikwe kwenye nguzo kando ya chemchemi za barabarani ili mpita njia mwenye kiu anywe, na hakuna aliyethubutu kuviiba. Kutoka mlango wa kanisa la Jarrow hadi mtaa wa wale Wayemeni ni kilomita chache, na kote ni kaskazini ya Humber.